Soli na Tovuti Iliyompeleka Mteja kwa Mama

Kabla hujamcheka Soli, ujue kwanza kwamba hata kiatu ulichovaa sasa hivi kinakubana mahali fulani na hujamwambia mtu. Soli angejua. Angekuona unavuka barabara tu, akajisemea: huyu kulia arobaini, kushoto arobaini na moja, na kidole chake kidogo kinaomba msaada. Halafu angekunyamazia, maana ana adabu zake.

Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, siku alipokutwa chini ya meza ya baba yake akitafuna kipande cha soli kama biskuti. Sasa ana miaka arobaini na moja, jina halijabanduka, na meza ni ile ile. Baba alipofariki aliwaachia yeye na kaka yake chumba kimoja cha uchochoroni, nyuma ya maduka ya mabati na rangi. Dirisha moja, cherehani ya ngozi inayokohoa kabla ya kuanza kazi, na rafu nzima ya miguu ya mbao, ile ambayo kiatu huvishwa wakati kinashonwa. Mgeni akiingia mara ya kwanza anadhani kuna jeshi limekatwa miguu likapangwa ukutani.

Kazi yake ni viatu vya miguu isiyofanana. Usigune. Wapo watu wengi ambao mguu mmoja umeuzidi mwenzake kwa saizi nzima, hata mbili. Wengine wamezaliwa hivyo, wengine ni ajali, wengine hawajui ilikuwaje. Na wote wanaishi na hiyo siri kama deni la damu. Wananunua jozi mbili wanatupa nusu, au wanajaza pamba mbele ya kiatu kimoja na kutembea kama wana maringo. Soli anawashonea jozi moja, kila mguu na kipimo chake, na ukiiangalia kwa mbali huoni tofauti yoyote.

Ana utaratibu aliourithi kwa baba. Mteja anavua, anasimama juu ya karatasi ya boksi kwa miguu yote miwili, Soli anapiga magoti na kuizungushia penseli. Halafu, kabla mkasi haujagusa ngozi, anauliza: "Kiatu hiki kinaenda wapi?"

Usipojibu, hakati. Kiatu cha kusimama darasani kutwa si kiatu cha kucheza harusini, na cha harusini si cha kupanda ngazi za ofisi. Kuna bwana mmoja aliwahi kujibu "popote tu," akarudishwa kwake akafikirie vizuri.

Lishike hilo swali. Litarudi kumng'ata mwenyewe.

Shida ni kwamba mtu mwenye siri ya mguu hatembei uchochoroni akiuliza nani anashona viatu vya siri. Kwa hiyo wiki nzima Soli alikuwa anapata visigino viwili vya kugongea misumari na zipu ya begi la mtu. Na kaka yake alikuwa ameshaliona hilo.

Kaka anaitwa Vigae. Anauza vigae vya sakafu na vya bafuni, ana duka lenye vioo mbele barabara kuu, na anatembea kwa kudunda, bega moja juu, moja chini, mwendo ambao mtaa mzima unauita mwendo wa pesa. Soli alikuwa na maoni yake kuhusu mwendo ule. Aliyameza.

Jumapili moja mchana, wamekaa mezani kwa mama yao, Vigae akasukuma sahani pembeni.

"Mdogo wangu, nakuheshimu. Lakini kile chumba ni chetu wote wawili na kinakaa bure. Mimi nina maboksi ya vigae yananyeshewa."

"Hakikai bure. Nakaa mimi."

"Si ndicho nilichosema?"

Mama akacheka, kisha akajikamata, akajifanya anatafuta chumvi.

"Kaka, nipe muda basi."

"Miezi mitatu. Nikiona wateja, chumba chako, sitakitaja tena mpaka nazikwa. Nisipoona, vigae vinaingia. Mama shahidi."

"Mimi nisiwekwe katikati," Mama akasema, "ila nimesikia."

Soli akatikisa kichwa kukubali. Hakuuliza wateja ni wangapi. Mtu ambaye hakati ngozi bila vipimo akakubali maisha yake yapimwe kwa macho. Haya, tuendelee.

Sasa mkaribishe Wifi. Huyu ni mke wa Vigae, kwa hiyo ni wifi yake Soli, na kwa kuwa ndiye aliyeleta intaneti kwenye ukoo ule, jina likamkaa pande zote mbili. Kwao ukisikia "wifi imegoma," ni ile ya ukutani. Ukisikia "wifi amegoma," tafuta pa kulala.

Wifi anafanya kazi kwenye duka la uchapaji. Kadi za harusi, mabango, vitambulisho, yote yake. Ana sheria moja ya kazi: mteja akileta maneno, anayabandika yalivyo. Hasomi. Zamani alikuwa anasoma, mpaka siku aliposahihisha jina la bibi harusi kwenye kadi mia tatu, kumbe bibi harusi anaandikwa hivyo hivyo.

"Wifi yangu," akamwambia Soli siku ya pili tu baada ya ile Jumapili, "dawa yako ni tovuti."

"Na mumeo je?"

"Mume wangu ni mume wangu, wewe ni wifi yangu. Vigae vikinyeshewa havifi, si vinakaa bafuni vile?"

"Tovuti ya nini lakini?"

"Ya nini tena! Kila mtu anayo."

"Basi na mimi niwe nayo."

Umeona? Yule bwana wa "popote tu" alirudishwa kwake. Hawa wawili wakapeana mikono.

Tovuti ikakamilika baada ya siku tano, na sura yake ilikuwa kadi ya harusi kabisa. Maua ya waridi yalikuwa yanadondoka kutoka juu. Muziki ulianza wenyewe, tena kwa kelele. Katikati kiatu cha dhahabu kilizunguka taratibu, kiatu ambacho Soli hajawahi kukiona maishani, Wifi alikiokota huko huko mtandaoni. Chini kukawa na kisanduku cha kuhesabu watu walioingia. Na juu kabisa, vitufe vinne: Nyumbani, Kuhusu Sisi, Huduma, Mawasiliano.

Wifi akamwandikia Soli: *Nitumie maelezo ya Kuhusu Sisi.*

Soli akampa Mama simu, Mama akaongea dakika ishirini na mbili, simu ikiyaandika maneno yake. Ile habari ya kutafuna soli ikaingia yote, pamoja na jinsi alivyotibiwa.

*Sasa nitumie ya Nyumbani,* Wifi akaandika.

Soli alishangaa kidogo, ila nani anabishana na mtaalamu? Akajibu: *Shuka kituoni, pita ukuta wa shule, nyumba ya geti la kijani. Kuna mbwa lakini haumi.*

Wifi akayabandika. Kwa herufi za dhahabu. Ukurasa wa mbele.

Kwenye kikundi cha familia, kinachoitwa Ukoo Mubashara, kukawa na sherehe. Mashangazi wakamwaga mioyo myekundu, mjomba mmoja akatuma emoji ya treni bila maelezo. Kila mtu akaisambaza kwa kila mtu. Mwisho wa mwezi wa kwanza kisanduku kikasoma watu elfu moja mia tatu na sita, na Soli akaenda kwenye chakula cha Jumapili kichwa kimevimba hadi hakipiti mlangoni.

"Kaka, elfu moja mia tatu."

"Wameona?"

"Wameona!"

"Wamevaa wangapi?"

Hakuna hata jozi moja. Vigae akachukua kijiti cha meno na kuanza kutafuna polepole, huku anaangalia dari kama mtu anayepanga maboksi.

Jumatano yake Soli akarudi nyumbani mchana kuchukua miwani aliyoisahau. Mama akamdaka mlangoni, amevaa hereni za kutokea, akamvuta jikoni.

"Mwanangu, yuko sebuleni. Huyu ni wa tatu wiki hii. Huyu angalau ana pensheni."

"Nani yuko sebuleni?"

"Usijifanye mtoto. Wa kwanza alikuwa na macho ya uongo. Wa pili alikuja na mke wake, nikamfukuza! Huyu ana adabu, nimempa chai."

"Mama, wamesema wamefuata nini?"

"Wamesema wameambiwa waje nyumbani kwa Soli. Mwanaume anafunga safari kuja nyumbani kwa mwanamke asiyeolewa, ulitaka mimi niwaze viatu?"

Hapo Soli akaelewa. Nyumbani. Kile kitufe. Geti la kijani kwa herufi za dhahabu.

Sebuleni alikaa mzee mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata, kiatu cha kushoto kakivua na kukiweka pembeni kwa heshima. Alikuwa amewahi kugawa barua, sasa amestaafu, na tangu siku hiyo wote wakamwita Mzee wa Barua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Ndiye wewe Soli? Nimebeba barua miaka thelathini na mbili, sijawahi kukosea anwani hata moja. Leo nimefuata anwani sahihi, nikafika kwa mama yako. Na kwa taarifa yako, yule mbwa anauma."

Akapandisha suruali kidogo kuonyesha. Hakukuwa na jeraha, ila soksi ilikuwa imepata habari yake.

Soli aliomba msamaha mpaka maneno yakaisha. Kisha akafanya kile anachokijua: akapasua boksi la sabuni, akalitandika sakafuni, akamsimamisha mzee juu yake. Kulia thelathini na tisa, kushoto arobaini na moja na kitu. Mama akabaki mlangoni na birika mkononi, ndoto za pensheni zinayeyuka.

"Kiatu hiki kinaenda wapi, mzee?"

"Kinaenda kwenye mahafali ya mjukuu wangu, wiki sita kutoka leo. Nataka nisimame mwanzo mpaka mwisho nimpigie makofi. Sitaki kuwa yule babu anayevua kiatu chini ya kiti."

"Sawa kabisa."

"Na hiyo tovuti yako, binti, yenyewe ilikuwa inaenda wapi?"

Penseli ikasimama kwenye kisigino.

"Nakuuliza kwa wema tu," mzee akaendelea. "Mimi niliingia kutafuta kitu kimoja: kuna mtu anashona jozi yenye namba mbili? Ndiyo au hapana? Nikakuta maua yanadondoka. Muziki ukalia, mke wangu akadhani tumealikwa mahali, akaanza kuvaa. Habari za wewe kula soli nimezisoma, pole sana. Jibu langu sikuliona. Nikasema ngoja niende, barua isiyoeleweka unamfuata mwenyewe."

Soli alimaliza kuchora mguu wa mzee huku masikio yanamwaka moto. Miaka ishirini anawauliza watu swali lile. Tovuti yake mwenyewe ameikata kwa ajili ya "popote tu."

Hakurudi kazini. Alikwenda moja kwa moja duka la uchapaji, na boksi jingine kwapani. Wifi alikuwa amezungukwa na kadi za mtu, gundi ya kumetameta imemjaa hadi kwenye nyusi.

"Wifi, acha hizo. Tunaipima tovuti."

"Tunaipima nini?"

"Miguu." Soli akatandika boksi juu ya kaunta, akachora unyayo mmoja mkubwa, mtupu. "Kabla hatujagusa kitu, tunajaza humu ndani. Ni ya nani?"

"Ya watu wote."

"Niliwahi kushona kiatu cha watu wote?"

"Wee, usinifokee, mimi si ngozi. Basi ya... watu wenye miguu."

"Wifi!"

"Natania! Ya mtu ambaye miguu yake haifanani."

"Anayejaza pamba kwenye kiatu na hajamwambia mtu."

Hapo Wifi akaangalia feni ya dukani kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Huyo," akasema. "Ndiyo. Wapo."

Soli akaandika kwenye kidole gumba cha ule mchoro. "Akishaingia, afanye nini?"

"Afurahi."

"Halafu?"

"Asambaze kwa wenzake."

"Mtu mwenye siri asambaze?"

Wifi akakwaruza gundi kwenye nyusi. Kisha akasema polepole, "Atume nyayo zake. Achore huko huko kwake, apige picha, atume. Asihitaji kusimama mbele ya mtu kwanza."

Soli akamtazama kama anamwona upya. Akaandika hilo katikati ya unyayo, kwa herufi kubwa, akalizungushia mara mbili.

"Wangapi, mpaka lini?" Wifi akauliza, sasa na yeye moto umemwingia.

Hapo ndipo Soli alipogundua shimo lingine. Akatoa simu, akamwandikia kaka yake.

*Kaka, uliposema wateja, ulimaanisha wangapi?*

Vigae akaonekana anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

*Wengi.*

*Wengi si namba. Mtu akija dukani kwako akasema nipe vigae vingi utamfungia?*

Tiki za bluu. Wifi akachungulia kwenye skrini, "Hapo anajikuna shingo, namjua."

*Jozi kumi na mbili,* ikaja hatimaye. *Za kushonwa, si za kugonga visigino. Kabla ya tarehe thelathini mwezi ujao ule mwingine.*

*Asante, kaka. Umeandika mwenyewe, napiga picha.*

Kwa hiyo mzee wa kwanza, kumi na moja bado, wiki nane na siku mbili. Soli akayaandika kwenye kisigino cha ule unyayo. Utaniamini nikikwambia alijihisi mwepesi? Kwa mwezi mzima alikuwa amebeba neno "wateja" ambalo halina mwisho. Kumi na mbili anaijua. Kumi na mbili ni safu mbili za miguu ya mbao.

Kisha wakaanza kuchinja. Kila kitu cha tovuti ya zamani kikasimamishwa mbele ya boksi na kuulizwa: wewe unamsaidia mtu wa pamba atume nyayo? Muziki ukashindwa kujibu, ukatoka. Kiatu cha dhahabu, nje. Historia ya Mama ikahamishiwa kikundi cha familia, ambako ilipokelewa kwa shangwe. Kisanduku cha kuhesabu watu Wifi alikitetea kama wakili.

"Wifi, hiki ndicho kinanipa moyo."

"Kinahesabu macho. Sisi tunahesabu nini?"

"Nyayo," Wifi akanong'ona, akakifuta kama mtu anayezika paka. "Nibakishie basi ua moja."

"Linamsaidia nani?"

"Linanisaidia mimi nisilie."

Soli akakubali. Ua moja, dogo, chini kabisa, lisilodondoka. Mpaka leo lipo.

Ukurasa mpya ukawa mweupe. Juu, picha halisi: jozi ya Mzee wa Barua imewekwa kwenye meza ya baba, kimoja kikubwa, kimoja kidogo, imepigwa kutoka juu na mwanga wa dirisha. Chini yake mstari mmoja: *Miguu yako haifanani? Viatu vyetu pia.* Halafu maelezo ya kuchora unyayo, nafasi ya kujibu "Kiatu kinaenda wapi?", na kitufe kimoja tu ukurasa mzima: *Tuma nyayo.* Ramani ya kufika ilikuwepo pia, ya uchochoroni safari hii. Neno Nyumbani halikuonekana popote. Mbwa akapumzika.

Sasa usidhani siku ya pili foleni ilikuwa imefika barabara kuu. Wiki ya kwanza waliingia watu sitini. Wifi akapiga simu sauti imekatika. "Wifi, tumekwisha. Kutoka elfu moja mia tatu mpaka sitini!"

"Nyayo ngapi?"

"Tatu."

"Mwezi mzima wa maua zilikuja ngapi?"

Ukatoka ukelele ulioharibu kadi ya mtu.

Nyayo zenyewe sasa! Mmoja alichora amevaa soksi nene, unyayo kama mkate. Mwingine alituma kiganja cha mkono, akauliza kama na glavu mnashona. Na jozi ya pili ilitoka ndogo kama ya mwanasesere, kwa sababu picha haina saizi na Soli alikisia. Mwenye nayo, mwalimu wa hesabu, akairudisha na barua fupi yenye kipimo cha kosa kwa asilimia. Soli akashona nyingine, na Wifi akaongeza sentensi: *Weka rula pembeni ya unyayo.* Tangu hapo picha zikaanza kusema ukweli.

Kila unyayo ulioagiziwa viatu Soli aliuchora upya kwenye boksi na kuubandika ukutani, na chini yake jibu la mwenyewe. *Kinaenda darasani, nasimama vipindi saba. Kinaenda jikoni hotelini, sakafu inateleza. Kinaenda kwenye harusi yangu, na mchumba wangu ameshaambiwa, nimemwambia jana baada ya kusoma ukurasa wenu.* Huo wa mwisho Soli aliusoma mara nne, akaenda dirishani akajifanya anatafuta uzi.

Mahafali yakafika. Mzee wa Barua akatuma video ya dakika moja, imetikisika, inaonyesha viatu vyake tu, vimesimama imara kwenye nyasi, na makofi yanasikika juu. Bila maneno. Soli akaiweka kwenye Ukoo Mubashara. Mjomba akatuma treni.

Tano. Saba. Tisa. Cherehani ikakohoa tangu asubuhi mpaka jioni, vidole vya Soli vikaota sugu juu ya sugu. Ikafika tarehe ishirini na saba, ukutani kuna jozi kumi na moja, na siku mbili nzima zilikuwa zimepita bila kitu.

Ndipo Vigae alipoingia na futi kamba.

"Usinijali," akasema, "endelea na kazi. Napima tu."

"Siku tatu bado, kaka."

"Kupima ni dhambi? Wewe si ndiye bingwa wa vipimo?" Akaanza na ukuta wa dirisha, anadunda, bega juu, bega chini. "Mita tatu na robo. Hapa vinakaa vya bafuni. Hivi, hawa watu wa ukutani ni wangapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja si kumi na mbili. Uliniandikisha mwenyewe, ukapiga na picha." Alisema kwa upole, hilo ndilo lililouma. "Mdogo wangu, umejitahidi. Mimi sikutegemea hata tano. Lakini namba ni namba."

Soli akaendelea kuvuta uzi. Safari hii alijua kabisa amepungukiwa na nini. Jozi moja tu.

Simu ikalia mezani. Ting.

Vigae akasimama, futi kamba imetandikwa ukutani kwa dole gumba.

"Angalia," akasema, "labda ni treni ya mjomba."

Soli akafuta gundi vidoleni, akaangalia. Nyayo. Rula pembeni, imenyooka kama askari. *Kiatu kinaenda wapi? Kinaenda kwa Mzee wa Barua kila Alhamisi, tukae benchi moja. Nilikuwa mwenzake kazini. Begi lilikaa bega hili miaka ishirini na tisa, mguu umejinyongea upande.*

Kabla hajamaliza kusoma: ting. Ting.

Zilikuwa tatu. Benchi zima la wagawa barua wastaafu, wamechorana nyayo kwa zamu, na kwenye ya mwisho kuna kiatu cha Mzee wa Barua kimeingia kwenye picha kwa makusudi, kinang'aa. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne.

Soli aligeuza simu akamwonyesha kaka yake. Vigae akasoma, midomo inatembea. Dole gumba likaachia, na futi kamba ikarudi kwenye kopo lake kwa kishindo, *twaaap*, ikamchapa kiganja.

"Mama shahidi," Soli akasema, na hapo kicheko kikamtoka, kicheko cha tumbo, akacheka mpaka akakaa chini kati ya vipande vya ngozi, na miguu ya mbao rafuni ikatetemeka kama inapiga makofi. Akampigia Wifi. Wifi akapiga vigelegele, na nyuma yake mteja wa kadi akasikika akiuliza kuna nini, na yeye akajiunga bila kujua.

Vigae alisubiri wakamaliza. Kisha akatoa ufunguo wa akiba wa chumba, aliokuwa nao tangu msiba wa baba, akauweka mezani. Akaondoka anadunda. Ufunguo ulibaki.

Wiki iliyofuata, Jumanne asubuhi, zikaja nyayo bila jina. Kulia arobaini na tatu, kushoto arobaini na moja. Soli alipozikuza kwenye skrini akaona kidole gumba cha kushoto kimepinda kwa ndani. Kidole hicho anakijua. Kilipinda siku mtu mmoja alipokuwa anamkimbiza mdogo wake uani akapiga teke kizingiti cha mlango, yeye ana miaka kumi, mdogo wake saba.

*Kiatu kinaenda wapi? Dukani. Nasimama kutwa juu ya vigae. Pamba imenichosha.*

Soli akamtumia Wifi picha. Jibu likaja papo hapo: *Miaka kumi na tano nanunua pamba mimi. Nilikwambia wapo.*

Angeweza kumkejeli. Ukoo Mubashara ulikuwa pale pale, kidole kimoja tu. Badala yake akajibu kama anavyowajibu wote: *Tumepokea nyayo zako. Kwa tofauti ya saizi mbili tunaomba ufike upimwe tena. Ni uchochoroni, usiende kwa mama.*

Mchana mlango ukagongwa. Soli alikuwa ameshatandika boksi jipya sakafuni.

Na hivyo ndivyo Vigae alivyoingia chumba kile, kama alivyoapa. Peku, soksi mkononi, amesimama katikati ya karatasi akiangalia dari, huku mdogo wake amepiga magoti, penseli inamtekenya.

"Usicheke," akasema.

"Sijacheka. Simama wima, kaka, unaharibu kipimo."